Kinywa cha Balozi

Kitu cha kwanza nilichokigundua kilikuwa pumzi.

Nilikuwa nafuta kabati la kivuli, mashine inayosema badala ya Balozi, kama kila asubuhi, maana vumbi la Dodoma haliheshimu ubalozi. Bi Senorina, katibu wa kwanza, alikuwa amesimama nyuma yangu na karatasi zake. Alikiuliza kivuli kama tuwajibu wenyeji leo au kesho. Kabla ya kujibu, kivuli kilivuta pumzi. Pumzi fupi, ya juu juu, kama ya mwanafunzi aliyetajwa jina darasani na hajui jibu. Kisha ikatoka sauti ya Balozi Ngwalida, ile ile nzito iliyorekodiwa kabla ugonjwa haujamla koo.

"Samahani. Nadhani leo ni bora."

Bi Senorina aliandika. Hakusikia kitu. Mimi kitambaa kiliniponyoka.

Balozi hakuwa mtu wa kuvuta pumzi. Alianza kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Na samahani sikuwahi kuisikia kwake, hata siku alipommwagia waziri wa watu chai ya moto mapajani. Alimtazama tu, akasema kiti kile ni kibovu.

Mzee alikuwa amekufa wiki sita zilizopita. Sauti ilikuwa yake. Pumzi ilikuwa yangu.

"Unaumwa?" Bi Senorina aliniuliza.

"Hapana, Bi."

"Basi okota kitambaa. Alhamisi wenyeji wanakuja kukiuliza, sitaki waone vumbi."

Nilikiokota. Mbele yangu, ukutani, ilikuwapo ramani ya dunia. Nchi zinazoitambua serikali yetu ya Bondeni ziliwaka kijani. Zilizogeukia serikali ya Mlimani, ya wanajeshi walioteka mji mkuu wa Marongo, ziliwaka rangi ya machungwa. Nilipoanza kazi, miaka sita nyuma, ramani ilikuwa kijani kama shamba la mpunga. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Balozi maisha yake yote: alikwenda nchi moja baada ya nyingine, akakaa, akaongea, akaondoka imewaka kijani. Asubuhi ile zilibaki kumi na moja. Nilipokuwa nakung'uta kitambaa dirishani, zikawa kumi.

*

Mchana dada yangu Zawena alikuja kwa mlango wa jikoni. Aliweka kifundo cha mkono wa kushoto kwenye kitasa, punje ya kitambulisho iliyo chini ya ngozi yake ikasomwa, mlango ukafunguka. Aliingia akitanguliza tumbo la miezi minane.

"Umekonda, Mwamvita. Wanakulisha karatasi humu?"

"Nakula."

"Unakula maneno. Tangu utotoni unayameza tu, ndiyo maana hushibi."

Nilimpa kiti na uji. Alikunywa huku akiutazama mkono wake.

"Kila mlango ninaoufungua siku hizi najiuliza kama ndiyo mwisho," alisema. "Jana zahanati mashine ilichelewa kunisoma. Nesi akasema ni mtandao. Mimi nikasikia mkojo unanitoka."

Kila Mmarongo anajua. Punje haina uhai wake. Inaishi kwa serikali inayotambuliwa na nchi uliyosimama. Nchi ikigeuka, punje yako inageuka nayo, saa ile ile, ukiwa sokoni au ukiwa bafuni. Unakuwa mtu wa Mlimani, na Mlimani wana orodha yao. Nchi aliyokuwa akifanya kazi shemeji yangu Habili, mume wa Zawena, iligeuka siku ya Jumanne. Jumatano alituma ujumbe kwamba kuna gari limesimama nje ya nyumba yao. Alhamisi simu yake haikupokelewa, na mpaka leo. Alikuwa mwalimu tu. Alikataa kuwataja wanafunzi wake.

"Huyo mzee wenu wa kabatini," Zawena alisema, "Alhamisi atasema nini?"

"Atasema Bondeni."

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Unayo kama nani? Wewe si mfagiaji?" Alicheka, kisha akauvuta mkono wangu akauweka tumboni. Mtoto alipiga teke. "Mwambie basi mzee wako. Mwambie kuna mtu hapa anamsubiri."

Nilitaka kumwambia. Ulimi ulikuwa tayari. Nikachukua bakuli lake nikaenda kuliosha.

*

Kwetu Marongo, mzee akipoteza sauti hupewa kinywa. Kinywa huwa ni mtoto wa nyumba, asiye na cheo wala makuu. Mzee huweka mkono wake juu ya mkono wa kinywa. Kinywa hutaja maneno, mzee hubonyeza. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Wakielewana, kinywa hulitoa neno kwa watu, na kuanzia hapo ni neno la mzee. Kinywa kikikosea, mzee huondoa mkono. Na hakuna anayeruhusiwa kuuliza, "Hivi kweli kasema hivyo?" Swali hilo ni sawa na kumvua mzee nguo hadharani. Kuna koo mbili za Bondeni hazizikani mpaka leo kwa sababu yake.

Daktari alipomaliza kulikata koo la Balozi, aliletewa vijana watatu waliosoma achague kinywa. Akawakataa kwa kichwa. Akaandika kwenye ubao: *Yule wa ufagio. Hana maneno yake mwenyewe.*

Nilikuwa nimeishia darasa la tano. Vita vilifika shuleni kwetu siku ya mtihani wa hesabu. Tangu siku ile mtu akipaza sauti mimi husema "sawa", kisha ndiyo nasikiliza alichokuwa anataka.

Wakati huo mafundi walikuwa wameanza kukijenga kivuli. Balozi wa nchi yenye serikali mbili hawezi kufa hivi hivi. Akifa, kila upande utaleta wake. Ndiyo maana mataifa yalikubaliana: kivuli chake kikae kwenye kiti mpaka mgogoro uishe. Wakakilisha hotuba zake zote na barua za miaka arobaini. Kisha kila asubuhi, saa tatu, kilimuuliza maswali kumi, kijifunze anavyofikiri sasa. Mzee aliweka mkono wenye pete juu ya mkono wangu, pete ikagusa bamba la shaba, na mashine ikajua kwamba yupo. Mafundi walielezwa desturi yetu. Wakaiambia mashine: ukiona pete, sauti ya msichana ni sauti ya Balozi.

Tulifanya hivyo karibu miaka miwili. Alibonyeza haraka, kama mtu anayepiga chapa.

Halafu vidole vikanyamaza. Ilikuwa asubuhi ya tarehe kumi Machi. Niliuinua mkono wake nikauweka juu ya wangu. Kivuli kikauliza swali la kwanza. Nikataja ndiyo, nikasubiri. Nikataja hapana, nikasubiri. Mzee alikuwa anatazama dirisha. Mlangoni Bi Senorina alisubiri na karatasi, kwa heshima, macho chini.

Nikajibu.

Niliogopa ule ukimya kuliko nilivyoogopa uongo. Nilidhani ni siku moja. Zikawa siku mia na ishirini na mbili, maswali kumi kila siku, mpaka alipokufa Julai. Niliulizwa kuhusu mpaka wa ziwa. Niliulizwa kuhusu samaki, reli, wafungwa, rambirambi za mfalme fulani. Nilijibu kama ambavyo ningejibu kama watu wale wangekuwa majirani zetu. Usiku nilikuwa sikumbuki hata nilichosema. Kivuli kilikumbuka.

*

Jumatano alikuja Bwana Kashindye, mjumbe wa Mlimani. Sheria ilimpa haki ya kukiona kivuli siku moja kabla. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na kicheko cha karibu karibu.

"Shikamoo, mzee!" alilisalimu kabati, akinikonyeza.

"Marahaba," kivuli kilijibu.

"Vipi hali ya huko?"

"Hakuna joto."

Kashindye alicheka kweli. Bi Senorina hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni kama mama anayelinda sufuria.

Waliongea mambo madogo. Kashindye alizunguka chumba, akasoma picha ukutani, akagusa majani ya mzabibu yaliyochungulia dirishani. Kisha akasema, "Hili dirisha lifungwe. Vumbi."

"Upepo ni mzuri," kivuli kilisema. "Liache."

"Nimesema lifungwe!"

Alifoka ghafla, kwa sauti ya kambi. Bi Senorina alishtuka. Kivuli kilivuta pumzi, ile fupi.

"Samahani. Lifungeni."

Kashindye alikuwa halitazami kabati. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimeshafika dirishani na mkono wangu ulikuwa kwenye komeo.

Sikukumbuka kutembea.

"Mna kivuli chenye adabu," alisema taratibu. "Balozi Ngwalida ninayemjua mimi angenitupa nje pamoja na dirisha." Akanisogelea. "Binti, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano, baba."

"La tano." Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei nzuri. "Basi. Tutaonana kesho, mzee. Kesho nitakuwa na maswali matatu tu."

Alipotoka, Bi Senorina alinigeukia. "Mbona kimemwogopa? Mwamvita, mbona mzee kamwogopa yule?"

"Sijui, Bi."

Nilikuwa najua. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi tayari. Kashindye hakuwa na haja ya kuthibitisha chochote. Kesho angepaza sauti mara moja mbele ya mkaguzi, na mimi niliyemo kabatini ningesema sawa. Na punje ya Zawena ingegeuka hapo hapo.

Kunyamaza kungemuua dada yangu. Kusema kungeweza kumuua pia: wakijua kwamba kivuli kimelishwa na mfagiaji, huenda wangekizima kabisa na kiti kikabaki kitupu. Sikujua sheria. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu kuuliza kwenyewe kulikuwa ni kusema.

*

Alhamisi saa nne mkaguzi wa wenyeji aliingia, Dokta Nipaeli, mama mfupi mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa. Alikunywa chai yangu, akashukuru. Alifungua mkoba akaunganisha nyaya zake kwenye kabati. Kashindye alikaa kulia, Bi Senorina kushoto. Mimi nilisimama pembeni na sinia.

"Kivuli cha Balozi Sudi Ngwalida," Dokta alisema, "nchi yetu inataka kujua unasema kwa niaba ya serikali ipi. Jibu lako litafuatwa leo hii. Kabla ya hapo, mjumbe ana maswali yake."

Kashindye alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Swali la kwanza. Watu wangapi wa Marongo wamekufa kwa sababu wewe ulizizuia nchi kutukubali?"

Pumzi. "Samahani, sina hesabu."

"Huna hesabu! La pili. Bondeni wana mji gani leo? Taja mji mmoja tu!"

Pumzi. Kivuli hakikusema. Ukimya ule niliujua. Ni wa kusimama mbele ya ubao na chaki mkononi.

"La tatu!" Alipiga meza, vikombe vikaruka. "Wewe ni nani unayewakatalia watu amani yao? Sema! Wewe nani?"

"Samahani, baba," kivuli kilisema kwa sauti ya mzee, sauti iliyoongea na marais. "Kama mmeshaamua hivyo..."

Nilijua kinachofuata. *Basi, mimi nani.* Ndivyo ninavyosema kila siku ya maisha yangu.

Sinia lilianguka.

"Siyo mzee," nilisema.

"Mwamvita!" Bi Senorina alinyanyuka. "Nyamaza! Toka nje!"

"Mwacheni," Dokta Nipaeli alisema. "Unasemaje, mwanangu?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akainama kunisikia. "Huyo si mzee. Ni mimi. Vidole vya mzee viliacha kujibu tarehe kumi Machi. Yote ya baada ya hapo nimeyasema mimi. Hiyo pumzi ni yangu. Hiyo samahani ni yangu. Huyu baba ananifokea mimi."

Kashindye alirudi kukaa. Nadhani alikuwa hapendi kupewa bure kile alichokificha mfukoni.

Bi Senorina alirudi kwenye kiti polepole. "Miezi minne?"

"Ndiyo, Bi."

"Mkataba wa samaki?"

"Mimi, Bi."

"Na ile barua ya wafungwa?" Alizikusanya karatasi zake kifuani. "Ile iliyosomwa bungeni kwa watu? Ile niliyolia?"

"Mimi, Bi. Nisamehe."

Alifunika uso kwa karatasi zake.

"Dokta, mmesikia," Kashindye alisema. "Mashine imechezewa. Kiti ni kitupu. Kizimwe."

Dokta Nipaeli alikuwa anatazama nyaya zake. "Maji yetu ya Dodoma mnayajua," alisema, kama anaongea na birika. "Yana chumvi. Ukichemsha kila siku, birika linaota utando, na kila siku inaacha wake juu ya wa jana. Kivuli kiko hivyo hivyo. Utando wa juu ukiwa mbovu, unaukwangua. Hutupi birika." Akanigeukia. "Tarehe kumi Machi, umesema. Una hakika siyo kabla?"

"Tarehe tisa alijibu kumi yote."

"Sheria yetu inashika neno la mwisho la kweli. Nitakwangua mpaka tarehe tisa."

Ilichukua muda wa kunywa chai iliyobaki. Taa ndogo za kabati zilizimika moja moja kutoka juu, na kila iliyozimika nilihisi kama jina langu linafutwa kwenye daftari la shule. Kisha zikasimama.

"Kivuli cha Balozi Ngwalida. Unasema kwa niaba ya serikali ipi?"

Hakukuwa na pumzi.

"Bondeni. Na mmechelewa kuniuliza."

Kashindye alipiga meza tena. "Watu wangapi..."

"Punguza sauti, kijana. Nimefokewa na watu wenye jeshi kubwa kuliko lako, na walifoka kwa mpangilio."

Bi Senorina alianza kucheka na kulia pamoja. Kashindye alichukua mkoba wake. Dokta Nipaeli aliandika, kisha kalamu yake ikasimama. Alinitazama kwa muda mrefu, si kwa ubaya.

"Jambo moja la mwisho. Hili jibu la tarehe tisa, la Bondeni. Ni kweli kwamba vidole vyake..."

"Dokta!" Bi Senorina alikuwa wima, machozi yamekauka usoni. "Kwetu swali hilo haliulizwi. Binti amesema vilijibu. Ukiendelea, tutaomba ubalozi ufungwe kwa heshima ya marehemu."

Dokta aliinua mikono. "Niwie radhi. Sikukusudia kuvunja desturi yenu." Akapiga muhuri.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Angemaliza swali, ningejibu.

*

Mtoto wa Zawena ni wa kiume. Punje yake aliwekewa siku ya tatu, ikasomwa mara moja, na zahanati yote ikapiga vigelegele. Amemwita Sudi, jina la Balozi. Sikumkataza.

Nchi mbili zimerudi kijani. Leo wanazindua jiwe uani, chini ya mizabibu. Limeandikwa: *Hakuyumba hadi neno lake la mwisho.* Wote wako huko, nasikia Bi Senorina anahutubia. Wamenipa nguo mpya na kiti cha mbele. Nimesema narudi kuchukua glasi.

Nimesimama mbele ya kabati. Nimeweka mkono juu ya bamba la shaba, pale ulipokuwa unakaa mkono wake. Hakuna pete, kwa hiyo maneno yangu hakiyahifadhi. Nimevuta pumzi, na nimesema kwa sauti, kwa mara ya kwanza:

"Mzee. Tarehe tisa Machi, swali la kumi. Nilikutajia Bondeni, ukabonyeza mara mbili. Nikadhani umechoka, nikataja tena, ukabonyeza mara mbili, na machozi yakakutoka. Sikukuuliza kwa nini. Nilimfikiria Zawena. Nikaiambia mashine: Bondeni. Ndipo ukaondoa mkono wako. Nimewaambia watu vidole vyako viliacha kujibu, wakadhani ni ugonjwa, nami nikawaacha wadhani hivyo. Havikuwa vimekufa, mzee. Asubuhi yake ulishika kijiko mwenyewe."